Anayeshika Kurunzi

Ukiwasikiliza wageni wakishuka garini baada ya safari ya jioni ndani ya pori la akiba, utasikia hukumu mbili. Wapo wanaosema wameona maajabu, na wapo wanaosema hawakuona kitu. Ajabu yake ni kwamba mara nyingi wametoka gari moja, wamekaa safu moja, na wamemulikiwa wanyama walewale.

Nazipenda safari hizi, na kila nikipanda nasikiliza wenzangu karibu sawa na ninavyotazama porini. Nilichojifunza kwao ni kwamba watu wengi hupanda gari la jioni wakidhani ni safari ya mchana iliyosogezwa mbele. Mchana macho ni yako. Wenzako wote wakigeukia tembo, wewe una hiari ya kumtazama ndege aliye upande wa pili. Giza likishaingia hiari hiyo huna tena. Unaona kipande kidogo cha pori ambacho mtu mmoja ameamua kukimulika, kwa muda anaoamua yeye. Ndiyo maana mtu akiniuliza aende wapi kwa safari ya usiku, simtajii kwanza pori lenye chui wengi. Namwambia aulizie nani anashika kurunzi na amefundishwa kuizima wakati gani.

Kwa kawaida gari huondoka jua likiwa bado juu kidogo na hurudi saa mbili au tatu za usiku. Nusu ya kwanza wageni huipuuza. Wanakaa wakisubiri giza, wakipiga picha za machweo, na huku zamu inabadilika mbele yao. Ngiri wanarudi mashimoni, wanaingia kinyumenyume ili vichwa na pembe za mdomo zibaki zikilinda mlango. Kanga wanarukia matawini kwa kelele nyingi kuliko zinavyohitajika. Nyani wanagombania nafasi za kulala juu ya miti. Bweha anaita, mwingine anamjibu, halafu popo wanaanza kukata hewa juu ya vichwa vyenu. Mwongozaji mzuri hukaa kimya hapa na kuwaacha muone. Mbaya huwa yuko kwenye redio akiulizia simba.

Hewa nayo hubadilika. Baridi ya usiku ni nzito, hushuka na kujaa mabondeni, hivyo gari likitelemka kwenye kijito unahisi ubaridi ghafla hadi vifundoni, na likipanda upande wa pili joto linarudi. Harufu zinakuwa kali: vumbi, majani yaliyokanyagwa, mahali ambapo nyati wamepita. Sauti zinasafiri mbali zaidi. Ngurumo ya simba inaweza kusikika umbali wa kilomita 8 hali ya hewa ikiruhusu, na wageni wapya hudhani yuko nyuma ya kichaka cha jirani. Chukua koti hata kama mchana mlikuwa mnatoka jasho. Gari la wazi likitembea gizani halina huruma, na nimeshuhudia watu wazima wakiacha kumtazama fungo kwa sababu mikono yao ilikuwa imejificha kwapani.

Kisha kuna suala la simu. Jicho la binadamu huhitaji kati ya dakika 20 na 30, wakati mwingine zaidi, kuzoea giza vizuri, na mwanga mweupe wa sekunde chache unatosha kuharibu sehemu kubwa ya kazi hiyo. Mtu mmoja akifungua ujumbe, safu nzima inapofushwa. Waongozaji wengi ni wapole mno kulisema hili. Nampongeza mmoja aliyegeuka akasema kwa adabu, "Mama, naomba simu ilale kidogo, macho yetu ndiyo yameanza kuamka." Mama yule aliizima, na baada ya muda ndiye aliyemwona bundi kabla ya kurunzi kumfikia.

Halafu kurunzi inawashwa.

Anayeishika kwa mara ya kwanza huifagiza huku na kule kama mtu anayetafuta kiatu chini ya kitanda. Mwenye uzoefu huipeleka polepole, chini, akirudi nyuma kidogo kila baada ya hatua, kwa sababu hatafuti mnyama. Anatafuta macho. Wanyama wengi wanaoishi usiku wana utando nyuma ya jicho unaoakisi mwanga na kuurudisha, ili chembe za jicho zipate nafasi ya pili ya kuunasa. Sisi binadamu hatuna, wala nyani hawana. Wenye nao hung'aa wanapomulikwa, na ili uone mng'ao huo lazima jicho lako liwe karibu na mstari wa taa. Hii ndiyo sababu aliyeshika kurunzi huona kwanza, na mgeni wa safu ya nyuma hubaki anauliza, "Wapi? Wapi?" Hajalala wala si mzembe. Mwanga hauelekei kwake. Kama una hamu ya kujifunza kutafuta, omba kiti kilicho karibu na mwenye kurunzi.

Rangi ya macho husimuliwa sana kwenye magari haya, kana kwamba kila mnyama ana rangi yake. Rangi inategemea pembe ya mwanga na umbali, na inadanganya. Waongozaji ninaowaamini husoma zaidi kimo, mpangilio na mwendo. Macho mengi yaliyotulia, yamejazana mahali pa wazi, ni swala waliolala pamoja. Taa mbili zilizokaribiana, zinazowatazama bila kuyumba, huenda ni mla nyama, kwa sababu macho yake yanaelekea mbele. Cheche nyekundu inayoruka kutoka mti hadi mti ni komba. Jicho moja linalodunda kando ya barabara ni kamendegere, anayekimbia kwa miguu ya nyuma na kuonesha upande mmoja wa kichwa. Yaliyo usawa wa maji, mekundu, hayasogei, ni ya mamba. Na zile nukta ndogo zinazometa kwenye nyasi kana kwamba umande umeshuka mapema? Ni buibui. Mweleze hilo mtu anayeogopa buibui na utazame anavyoinua miguu yake kutoka kwenye sakafu ya gari.

Hawa wadogo ndio wanaoigawa ile hukumu ya wageni. Aliyekuja na orodha ya simba, chui na fisi atakuambia hakuona kitu, hata kama amemwona mnyama ambaye wenye kuishi porini hukaa miaka bila kumwona. Nimewahi kuwa garini wakati muhanga alipovuka barabara, masikio marefu, mgongo uliopinda, makucha ya kuchimbia yakigonga ardhi. Mwongozaji alitetemeka kwa furaha. Nyuma yangu sauti ilisema, "Nguruwe?"

Komba huwafurahisha wote, na ana haki. Ana uzito mdogo sana, lakini anaruka zaidi ya mita 2 kwenda juu, na huwa anajikojolea mikono na miguu kabla ya kupanda, jambo ambalo watoto hulikumbuka kuliko kitu kingine chochote cha safari nzima. Fungo, mwenye kinyago cheusi usoni na madoa yaliyopangwa hovyo, hutembea kichwa chini akitafuta jongoo, ambao wanyama wengi hawawagusi kwa sababu ya sumu yao. Kanu, mwenye mkia wa pete, ni mwembamba kiasi kwamba ukipepesa macho ameshaingia kwenye mti. Fisi mdogo, yule mla mchwa, hukadiriwa kuramba hadi mchwa 300,000 kwa usiku mmoja, na ana meno dhaifu ambayo yangemfedhehesha mbele ya binamu zake wavunja mifupa. Nungunungu hukimbia mbele ya gari akitingisha miiba inayolia, na hapo lazima mtu mmoja garini aseme kwamba anaifyatua. Haifyatui. Inang'oka na kubaki kwa anayemgusa.

Kinyonga ndiye anayewashangaza watu zaidi. Gari linatembea, kurunzi inapita juu ya kichaka, ghafla, "Simama!" Mwongozaji anashuka, anachepua tawi, na pale amelala kinyonga mdogo kuliko kidole. Wageni huapa kwamba aliwekwa pale mchana. Siri yake ni kwamba kinyonga aliyelala huwa na rangi iliyopauka, na chini ya taa anaonekana mweupe kati ya majani mabichi. Mwongozaji hatafuti umbo lake, anatafuta mpauko. Wengine hubeba pia kurunzi ndogo ya mwanga wa zambarau kwa ajili ya nge, ambao miili yao hung'aa kijani cha samawati ikipigwa na mwanga huo. Kwa dakika chache ardhi tuliyoiona tupu inakuwa na wenyewe.

Sasa nirudi kwenye kuzima taa, maana ndipo ninapowapima waongozaji.

Swala aliyemulikwa usoni hupofuka kwa muda. Sisi tunaendelea na safari, yeye anabaki na giza zito kuliko lilivyokuwa, na kama kuna chui karibu, tumemfanyia chui kazi. Kwa sababu hiyo utaratibu mzuri ni kwamba wanyama wa mchana, swala, pundamilia, nyumbu, twiga, hawamulikwi kwa kukaziwa. Kurunzi ikigusa macho yao inapita. Tembo hawamulikwi usoni, kwa usalama wenu zaidi kuliko wao. Ndege waliolala matawini wanaachwa. Nyani wanaachwa, kwani akiruka mmoja kwa hofu gizani anaweza kuanguka. Wenye watoto wachanga wanaachwa. Anayewinda anaachwa kabisa. Kwa wanyama wa usiku wenyewe, waongozaji wengi hufunika taa kwa kioo chekundu, kwa kuwa mamalia wengi huuona mwanga mwekundu kwa shida, na hata hapo mwanga huwekwa pembeni ya mnyama ili kingo zake tu zimguse.

Usiku mmoja tulimkuta chui akitembea kandokando ya barabara bila kutujali. Akasimama, akainamisha kichwa. Mbele yake, mbali kidogo, yalikuwa macho ya swala pala. Mwongozaji akazima kurunzi, akazima injini, na tukaachwa na giza. Mzee mmoja nyuma yangu hakuficha hasira: alikuwa amelipia kuona, akataka swala wamulikwe. Mwongozaji alimjibu kwa sauti ya chini, "Mzee wangu, nikimulika pale nitakuwa nimemshikia chui swala."

Tukakaa. Hakuna aliyeona chochote, na sijui safari nyingine ambayo nilisikia vingi hivyo. Jani linavunjika. Kimya kirefu. Jani lingine, na hilo lilikuwa upande ambao sikuutarajia. Kisha mkoromo mkali wa swala wa kutoa taarifa, kwato nyingi kwa pamoja, na utulivu. Kurunzi ilipowashwa tena kwa mwanga mwekundu, chui alikuwa ameketi katikati ya barabara, tumbo tupu, akiramba mguu kama ambaye hakuwa na nia yoyote tangu mwanzo. Mzee yule alicheka kwanza kuliko wote. Lakini kuna wageni ambao hucheka palepale na baadaye wanaandika malalamiko, na mwongozaji anajua hilo. Kuzima taa kunaweza kumgharimu bahashishi. Ndiyo maana sipendi kuwalaumu waongozaji peke yao tunapoona magari matano yamemzunguka simba mmoja gizani, taa zote usoni. Mara nyingi aliyeishika ile kurunzi kwa kweli ni mgeni aliyekaa nyuma akidai thamani ya fedha yake.

Magari hayo matano huletwa na redio. Mmoja anamwona simba, anatangaza, wengine wanaacha walichokuwa wanakitazama na kukimbilia huko. Utafika, utapiga picha ya simba aliyelala, utaondoka. Simba hupumzika hadi saa 20 kwa siku, hivyo uwezekano wa kumkuta amelala ni mkubwa hata jioni. Afadhali gari linalokaa mbali, likisubiri waamke, wajinyooshe, wasuguane vichwa, watawanyike kimya kwenye nyasi. Hilo linahitaji subira ya saa nzima na wageni waliokubaliana. Kwenye gari la watu wanane wasiofahamiana, makubaliano hayo ni magumu kuliko kumpata simba mwenyewe.

Si kila mahali panaruhusu haya yote. Ndani ya hifadhi ya Masai Mara nchini Kenya magari ya wageni hayaruhusiwi kuzunguka usiku; wanaotaka giza huenda kwenye hifadhi za jamii zinazopakana nayo. Botswana wana utaratibu unaofanana: Chobe na Moremi hapana, kwenye vitalu vya binafsi ndiyo. Kruger, Afrika Kusini, mwenye gari lake lazima awe ameshaingia kambini lango linapofungwa, ila magari ya hifadhi yenyewe hutoka na waongozaji wao. Tanzania, Ziwa Manyara ni miongoni mwa hifadhi za taifa zinazoruhusu safari za usiku, na South Luangwa ya Zambia imejijengea jina kwa safari hizo. Wageni hulalamikia makatazo. Mimi nayaunga mkono. Pale ambapo hakuna gari halali usiku, taa yoyote inayoonekana ni ya kufuatiliwa, na askari wa wanyamapori wanapata kazi iliyo wazi zaidi dhidi ya majangili. Tena wanyama waliotazamwa tangu alfajiri wanastahili saa kadhaa bila sisi. Safari za usiku zinafaa pale ambapo magari ni machache na mwenye eneo anajua kila moja liko wapi.

Kuhusu mwezi, watu huchagua mwezi mpevu kwa sababu ya uzuri wake. Kwa anayetaka kukaa nje na kutazama uwanda mzima uking'aa, sawa. Kwa anayetaka wanyama wawindao, asubiri siku chache baadaye. Simba huwinda vizuri zaidi gizani, na mwanga wa mwezi huwanyima mafanikio. Mwaka 2011 Craig Packer na wenzake walichapisha utafiti uliochambua mashambulizi ya simba dhidi ya watu nchini Tanzania, wakaona kwamba hatari ilikuwa kubwa zaidi katika siku zinazofuata mwezi mpevu, saa za mwanzo za usiku, kabla mwezi haujachomoza. Simba wametoka kwenye usiku mweupe wakiwa na njaa, na sasa jioni ina giza tena. Wakulima walilipa gharama ya jambo hilo. Sisi wageni tunalipata kama ratiba, tukiwa salama juu ya gari, na sidhani ni vibaya kulikumbuka tunaposhangilia simba akipita kando ya tairi.

Usiku usio na mwezi una kingine. Omba gari lisimame mahali pa wazi, taa zote zizimwe, na msizungumze kwa dakika tano. Wengine huanza kukohoa kwa wasiwasi kufikia dakika ya pili. Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota angani, inajitokeza, na kama mna bahati mbawakawa wa samadi atakuwa anasukuma donge lake karibu nanyi. Mwaka 2013 watafiti waliwapeleka mbawakawa wa Afrika Kusini kwenye ukumbi wa nyota bandia jijini Johannesburg, wakagundua kuwa wadudu hao hushika mstari mnyoofu kwa kufuata mwanga wa Njia Nyeupe. Sijui mwongozaji gani mwingine angenishawishi kushangilia kinyesi, lakini yule aliyenisimulia hili gizani alifanikiwa.

Picha, kwa ufupi: utazipiga chache, nyingi zitakuwa na ukungu, na mwako wa kamera usiutumie kamwe. Watoto wadogo, kwa ufupi: sehemu nyingi zina umri wa chini, na wanasinzia kabla ya komba.

Kama mnalala hapohapo porini, ombeni gari la asubuhi lipite njia ileile. Wanyama hupenda kutembea barabarani kwa sababu ni rahisi, na udongo laini huwa umeandika yaliyotokea kurunzi ilipokuwa inatazama kwingine. Mwongozaji atawaonesha unyayo wa fisi, wa mbele mkubwa kuliko wa nyuma, kucha zimechora. Wa chui hauna kucha, anazirudisha ndani anapotembea. Mistari myembamba iliyokwaruzwa mchangani ni ya miiba ya nungunungu. Kisha tazameni unyayo uko juu ya alama ya tairi lenu au chini yake. Ulio chini ulipita kabla yenu. Asubuhi ya mwisho niliyofanya hivyo, nyayo za fisi zilikuwa juu ya tairi kuanzia pale tulipowaacha swala hadi karibu na lango la kambi, na mwongozaji alizifuata kwa miguu akihesabu: watatu, mmoja wao anachechemea.